Kichocheo kipi cha kinga kwa majaribio ya uvimbe? CpG, poly I:C, STING, BCG, lentinani na wengine ubavu kwa ubavu

Mwaka 2010, jaribio kubwa la dawa iitwayo DMXAA kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, lenye wagonjwa zaidi ya elfu moja, lilisitishwa kwa sababu dawa haikuwasaidia. Kwa panya, dawa hiyohiyo iliyobuniwa Auckland, New Zealand, ilikuwa imefanya maajabu: ndani ya saa chache mishipa ya damu ya uvimbe huziba, katikati ya uvimbe kukafa, na baadhi ya wanyama wakapona kabisa. Kiini cha tofauti kilijulikana mwaka 2013. DMXAA hujishikiza kwenye STING ya panya, kipokezi cha ndani ya seli kinachoamsha kinga DNA inapokutwa mahali isipotakiwa. STING ya binadamu ina umbo tofauti kidogo, na dawa haiishiki.

Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza atumie kichocheo gani cha kinga katika jaribio lake, sianzi na hesabu ya panya waliopona. Naanza na kipokezi: ni kipi kinachoguswa, na je, binadamu anacho kwenye seli zilezile? Kisha nauliza ni seli ipi inayoua uvimbe mwishoni, na kichocheo kinaufikiaje uvimbe wenyewe. Kichocheo chenye majibu ya wazi kwa maswali hayo nakipa nafasi ya mbele hata kama kinaponya panya wachache kuliko mwenzake.

Vichocheo vyote hivi vinaanzia mahali pamoja. Seli ya saratani imetokana na mwili wenyewe, kwa hiyo haiji na alama za hatari ambazo kinga huzitambua kwa bakteria na virusi. Kichocheo huleta alama hiyo. Seli za dendriti, walinzi wa kinga, zikiigusa hukomaa, huchukua vipande vya uvimbe, huvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga wanaoweza kuua seli za saratani. Interferoni za aina ya kwanza, protini za tahadhari ambazo seli hutoa zikihisi virusi, huikoleza kazi hiyo. Kuna kundi dogo la seli za dendriti linalotegemea jeni iitwayo Batf3. Panya wasio na jeni hiyo hushindwa kuukataa hata uvimbe ambao wenzao huukataa bila dawa yoyote. Baada ya hatua hizo kila kichocheo hushika njia yake, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

CpG, poly I:C na vichocheo vya STING

Hawa watatu wote wanaiga asidi za kiini (DNA na RNA) za vijidudu, ila kila mmoja anabisha mlango wake.

CpG ni vipande vifupi vya DNA ambamo herufi C na G hufuatana bila alama ya kemikali iitwayo methili, kama ilivyo kwa DNA ya bakteria. Arthur Krieg na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba mpangilio huo huamsha seli B, na mwaka 2000 maabara ya Shizuo Akira huko Osaka ikakitaja kipokezi chake, TLR9. Kwa mtafiti, uzuri wake ni usafi. Inatengenezwa kwa kemia, haitoki kwenye bakteria, na ina kidhibiti chake cha asili: kipande kilekile ambacho CG imegeuzwa kuwa GC. Angalia tu usikosee kuagiza. Kipande kinachozoeleka kwa panya ni ODN 1826, na kwa seli za binadamu ni 2006, kwa kuwa TLR9 za spishi hizi mbili hazipendi mfuatano uleule.

Kwa matokeo, sijui kazi ya CpG inayoizidi ile ya Stanford ya mwaka 2018. Walichoma CpG pamoja na kingamwili inayochochea OX40, kipokezi kilicho juu ya seli T, ndani ya uvimbe mmoja wa limfoma (saratani ya seli za limfu), na uvimbe wa upande wa pili, ambao haukuguswa na sindano, nao ukatoweka. Panya 87 kati ya 90 walipona. Watatu uvimbe uliwarudia, wakatibiwa tena, nao wakapona.

Lakini tazama seli zenyewe. Kwa panya, TLR9 ipo kwenye aina nyingi za seli za dendriti na kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki. Kwa binadamu imebanwa zaidi kwenye seli B na seli za dendriti za kiplazimasaitoidi, kundi dogo la seli hizo. Panya akipewa CpG anajibu kwa kishindo ambacho mwili wa mtu hauwezi kukitoa. CpG ilipoongezwa kwenye kemotherapi kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, tena kwa sindano ya chini ya ngozi iliyo mbali na uvimbe, majaribio ya awamu ya tatu yalisimamishwa mwaka 2007 bila faida. Kwangu mimi, mambo mawili yalikosewa kwa pamoja hapo, seli na mahali pa sindano, na haitakuwa haki kuihukumu CpG kwa jaribio hilo peke yake.

Poly I:C ni RNA bandia ya nyuzi mbili, mfano wa virusi vinavyozaliana. Maurice Hilleman na wenzake wa Merck waliitangaza mwaka 1967 kuwa kiamshi kikubwa cha interferoni. Huguswa na TLR3 ndani ya vifuko vya seli na MDA5 kwenye saitoplazimu. Hapa uhusiano wa panya na binadamu ni wa karibu kuliko kwa CpG: seli za dendriti zilizo hodari wa kuwaonyesha seli T vipande vya uvimbe zina TLR3 nyingi kwa spishi zote mbili. Zaidi ya seli T, poly I:C huwaamsha vizuri seli NK, wauaji wa asili, jambo lenye maana kubwa kwa uvimbe uliopoteza alama zake za utambulisho na ambao seli T hawauoni.

Kasoro yake iko kwenye damu. Damu ya binadamu na ya nyani ina vimeng'enya vinavyokata RNA hii upesi, ilhali ya panya huivumilia kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ilibuniwa poly-ICLC, ambamo RNA hufungwa kwa polilisini na kaboksimethiliselulosi ili isikatwe. Kama unatarajia kazi yako isomwe na madaktari, anza na poly-ICLC tangu siku ya kwanza. Ukitumia poly I:C ya kawaida, andika urefu wa nyuzi zake, maana nyuzi fupi na ndefu hazifanyi kazi sawa, na ripoti nyingi haziutaji urefu huo kabisa.

Kwa STING, DMXAA nimekwisha kuieleza. Mbadala wake wa kweli ni dinukleotidi za mzunguko, molekuli ndogo za vipande viwili vya asidi ya kiini vilivyofungwa kama pete, hasa cGAMP, ambayo seli zetu wenyewe huitengeneza kimeng'enya cha cGAS kikikuta DNA mahali isipotakiwa. Njia hiyo ilielezwa na maabara ya Zhijian Chen huko Texas, na hufanya kazi kwa panya na kwa watu. Ikichomwa ndani ya uvimbe huibua interferoni kwa nguvu, na uvimbe huanza kunywea ndani ya siku chache.

Wengi hukosea kwenye dozi. Dozi kubwa ya kichocheo cha STING huuyeyusha uvimbe uliochomwa, na picha zake zinavutia. Lakini dozi hiyohiyo huwadhuru seli T waliomo, kwa hiyo uvimbe wa mbali huendelea kukua na kumbukumbu ya kinga huwa hafifu. Dozi ndogo huuchelewesha uvimbe wa kwanza na kujenga kinga ya mwili mzima. Ukipima uvimbe mmoja tu utachagua dozi mbaya ukidhani ndiyo bora. Kila panya wa jaribio la STING awe na uvimbe mara mbili, mmoja wa kuchomwa na mmoja wa kuachwa. Pamoja na hayo, dinukleotidi za kwanza zilizofika kwa wagonjwa zilitoa majibu dhaifu, kwa hiyo matarajio yako yawe na kiasi.

BCG na lentinani

BCG ni bakteria mzima, lentinani ni sukari iliyosafishwa. Wote wawili wana historia ndefu, na mimi naiamini historia moja kuliko nyingine.

Lloyd Old, Donald Clarke na Baruj Benacerraf walionyesha mwaka 1959 kwamba panya walioambukizwa BCG, bakteria wa chanjo ya kifua kikuu, huzuia vizuri zaidi uvimbe waliopandikizwa. Kazi iliyotuachia kanuni ilikuja baadaye, ya Berton Zbar na Herbert Rapp kwa simbilisi wenye saratani ya ini iitwayo line 10. Walichoma BCG moja kwa moja kwenye uvimbe wa ngozi. Uvimbe uliisha, mbegu za saratani zilizokwisha kufika kwenye tezi za limfu ziliisha pia, na wanyama waliopona walikataa line 10 walipopandikizwa tena. Masharti yalikuwa bayana: bakteria hai wa kutosha, waguse uvimbe wenyewe, uvimbe uwe mdogo, na mnyama awe na uwezo wa kuitikia bakteria hao.

Tazama masharti hayo yalivyosafiri. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada aliripoti wagonjwa tisa wenye saratani ya juu juu ya kibofu cha mkojo waliotiwa BCG ndani ya kibofu. Bakteria wanaugusa uvimbe, na uvimbe ni mwembamba. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1990, na hadi leo inatumika. Ni nadra kanuni ya mnyama kuhamia kwa mgonjwa kwa unyoofu kiasi hicho. Kwa panya wenye saratani ya kibofu, BCG haifanyi kazi kama hakuna seli T, na seli NK nao wanahitajika, kwa hiyo usithubutu kuijaribu kwa panya wasio na tezi ya thaimasi, ambamo seli T hukomaa.

Lentinani ni beta-glukani, sukari ya mnyororo mrefu, ya uyoga wa shiitake. Goro Chihara na wenzake waliitangaza mwaka 1969: panya wenye uvimbe wa Sarcoma 180 walipopewa dozi ndogo kwa siku kumi, uvimbe karibu wote uliisha. Waligundua pia kwamba panya walioondolewa tezi ya thaimasi hawapati faida, ushahidi mzuri kuwa dawa haiui seli za saratani yenyewe ila hupitia kwenye kinga. Kipokezi cha beta-glukani kwenye makrofaji, dectin-1, kilitambuliwa mwaka 2001. Kwa miaka mingi Japani iliitumia lentinani kama nyongeza ya kemotherapi kwa saratani ya tumbo.

Tatizo ni Sarcoma 180. Uvimbe huo hupandikizwa kwa panya wa koo mbalimbali ambao hawalingani nao kinasaba, kwa hiyo mwili una sababu ya kuukataa tangu mwanzo, kama unavyokataa kiungo cha mtu mwingine. Kichocheo chochote kinachoikoleza kinga kidogo kitaonekana shujaa. Fasihi kubwa ya beta-glukani za uyoga imejengwa juu ya Sarcoma 180, na inaniuma kuona kazi mpya bado zinaanza na kuishia hapo. Mkiwapa panya maumivu, wapeni kwa swali lenye jibu. Beta-glukani ijaribiwe kwa uvimbe uliotoka kwenye ukoo uleule wa panya, ikiambatana na kingamwili inayoshika seli za saratani, maana makrofaji na nyutrofili waliochochewa hufanya kazi nzuri zaidi wakipata kingamwili ya kuwaongoza.

Jambo la pili kuhusu beta-glukani ni uchafu. Sampuli za uyoga na hamira hubeba kwa urahisi sumu ya bakteria, endotoksini, ambayo yenyewe ni kichocheo kikali kupitia TLR4. Kuna mtego humo ambao huwanasa hata wazoefu: kipimo cha kawaida cha endotoksini, kinachotumia damu ya kaa wa kiatu cha farasi, huitikia pia beta-glukani. Bila kizuizi cha beta-glukani ndani ya kipimo, unapima dawa yako ukidhani unapima uchafu. Njia ya pili ya kujihakikishia ni panya wa ukoo wa C3H/HeJ, ambao TLR4 yao ni mbovu. Dawa ikifanya kazi kwao, si endotoksini.

Kati ya hawa wawili, BCG ni ngumu zaidi kuitunza: lazima iwe hai, uhesabu bakteria hai katika kila chupa, na uwe na chumba cha usalama kinachofaa. Hata hivyo naichagua BCG kwa uvimbe unaofikiwa na sindano au mrija.

Alfa-galaktosilseramidi na MTP-PE ya liposomu

Alfa-galaktosilseramidi inatokana na kemikali za sifongo wa baharini, Agelas mauritianus. Kampuni ya Kirin ya Japani iliichuja kwa kuangalia uwezo wake dhidi ya B16, melanoma (saratani ya ngozi) ya panya, na mwaka 1997 ikajulikana kuwa huamsha seli NKT, kundi la seli T zinazotambua mafuta, kupitia molekuli ya CD1d inayoyaonyesha mafuta hayo. Kwa panya inapendeza, hasa dhidi ya uvimbe uliosambaa kwenye ini, kwa kuwa ini la panya limejaa seli hizo. Binadamu anazo chache mno. Tena ukiichoma peke yake kwa mshipa, seli NKT huamka mara moja kisha hulala kwa wiki kadhaa zisiitike dozi ya pili. Kuibebesha kwenye seli za dendriti kwanza hupunguza tatizo hilo. Ni chombo kizuri kwa anayechunguza NKT, na si zaidi.

MTP-PE inastahili kusikika zaidi ya inavyosikika. Ni kipande kidogo cha ukuta wa bakteria kilichofungwa ndani ya liposomu, vifuko vidogo vya mafuta. Isaiah Fidler alifikiri hivi: makrofaji hula liposomu, kwa hiyo ukitia kichocheo ndani yake kitafika kwao, hasa kwenye mapafu, ambako ndiko saratani ya mifupa hupenda kusambaa. Kwa panya mbegu zilizosambaa mapafuni zilipungua. Halafu ikafanywa hatua ambayo vichocheo vingi huiruka: mbwa wa kufugwa waliopata saratani ya mifupa wenyewe, bila kupandikizwa. Wote walikatwa mguu wenye uvimbe. Waliopewa MTP-PE waliishi siku 222 kwa wastani wa kati, na waliopewa liposomu tupu siku 77. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2009 kwa vijana wenye saratani ya mifupa. Mbwa ana uvimbe uliokua polepole ndani ya mwili mwenye umri, mwenye vijidudu vyake na kinga iliyokwisha kupigana vita vingine. Siku hizo 222 zina uzito kwangu kuliko panya kumi kati ya kumi.

Mbwa hao walitibiwa baada ya uvimbe mkubwa kuondolewa. Makrofaji waliochochewa humaliza mabaki. Mlima wa uvimbe huwashinda.

Ratiba, ukoo na uvimbe

IL-12 haitoki kwa vijidudu, ni sitokini yetu wenyewe, yaani protini ya mawasiliano kati ya seli za kinga, na kwa panya ina nguvu sana dhidi ya uvimbe wa aina nyingi. Naitaja kwa sababu ya ratiba. Mwaka 1995, katika jaribio la awamu ya pili, wagonjwa 12 kati ya 17 walilazwa na wawili walifariki. Katika awamu ya kwanza wagonjwa walikuwa wamepewa dozi moja ya majaribio wiki mbili kabla, na dozi hiyo ilikuwa imewalinda bila mtu kutambua. Awamu ya pili iliiacha. Wanyama waliochunguzwa baadaye walionyesha jambo hilohilo. Kwa hiyo ratiba ni sehemu ya dawa: andika kila siku ya sindano, hata ile unayoiona ni ya kupima tu.

Kuanza tiba siku moja baada ya kupandikiza ni kuzuia, hakuwezi kuitwa tiba, kwani seli hazijapata hata mishipa ya damu. Subiri uvimbe ufikie milimita za ujazo 50 hadi 100, wagawe wanyama kwa bahati nasibu, na anayepima asijue yupi kapata nini.

Uvimbe wenyewe nao hudanganya. CT26 ya panya wa ukoo wa BALB/c na MC38 ya ukoo wa C57BL/6, zote saratani za utumbo, huitikia karibu kila kichocheo, kwa kuwa zina antijeni nyingi, vipande ambavyo kinga huvitambua. B16 ina alama chache za utambulisho na seli T wachache ndani yake. 4T1 husambaa mapafuni kama saratani ya matiti ya watu. Kichocheo kilichojaribiwa kwa CT26 peke yake hakijajaribiwa. Ukitaka kujua muuaji ni nani, ondoa seli za CD8, yaani seli T wauaji, kwa kingamwili, kisha seli NK. Hapa chunga ukoo: kingamwili ya NK1.1, alama ya seli NK, hufaa kwa C57BL/6, lakini BALB/c hawana alama hiyo, na utawachoma bure ukidhani NK hawahusiki.

Ningechagua nini

Kwa anayetafuta kinga ya mwili mzima kutokana na sindano kwenye uvimbe mmoja, ningeanza na poly-ICLC, na CpG iwe kundi la kulinganisha. CpG huenda ikaponya panya zaidi. Poly-ICLC ina nafasi kubwa ya kufanya kazi hiyohiyo kwa mtu.

Kwa swali la namna interferoni inavyoamshwa na DNA, cGAMP kwa dozi mbili, ndogo na kubwa, na panya wenye uvimbe mara mbili. DMXAA ibaki kwa maswali ya mishipa ya damu ya panya, na iandikwe hivyo kwenye kichwa cha ripoti.

Kibofu na ngozi, BCG. Mabaki mapafuni baada ya upasuaji, MTP-PE ya liposomu, na ukipata ushirikiano na madaktari wa mifugo usiuache. Lentinani na ndugu zake, pamoja na kingamwili tu, na kamwe si kwa Sarcoma 180.

Na panya waliopona usiwachinje mapema. Wapandikize tena uvimbe uleule, na uvimbe mwingine wa ukoo huohuo usiohusiana nao. Wale wa Stanford waliweka saratani ya utumbo kando ya limfoma kwenye panya mmoja: limfoma zilizochomwa na zisizochomwa ziliisha, saratani ya utumbo ikaendelea kukua. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba seli T zilikuwa zimeitambua limfoma yenyewe, na haukuwa msisimko wa jumla wa kinga.